Mzee Gaudens Anataka Kumsalimia Mkwe

Kijiwe chetu cha Chang'ombe kina benchi moja, birika la Marselino muuza kahawa, na waamuzi wengi wa mambo yasiyowahusu. Jumapili hii kesi ilikuwa ya Mzee Gaudens, seremala wa mtaa wa nyuma. Mwanawe Benedikto alioa huko Kanada bila kumshirikisha, mzee akanuna, wakawa hawaongei. Sasa kijana ametuma ujumbe kwamba leo alasiri atapiga simu ya video ili baba amsalimie mkwe, na mkwe hajui Kiswahili. Mzee akaja na shati lake la kanisani kutuuliza aanze na "hai" au "gud aftanuni". Alitia huruma, ila kijiweni huruma haisemwi.

— Gud aftanuni, alisema Balozi, tunayemwita hivyo kwa kuwa aliwahi kulinda geti la mzungu Msasani. — Bosi wangu akitokaga asubuhi, anamwambia mbwa "hai", mie ananiambia "gud moningi". Sasa mzee, mkwe unamweka upande gani?

Kishoka, fundi simu, akapinga. Huku alasiri, kule ndiyo kwanza asubuhi. Ukimwambia gud aftanuni umemla nusu siku. Hai haina saa. Akamalizia kwamba chanda chema huvikwa pete, na hakuna aliyemuuliza pete imeingiaje.

— Hai ya wahuni hiyo, mzee akasema. — Mkwe ataniona sina adabu.

— Basi gud aftanuni, Balozi akasema.

— Nayo kama ya polisi. Atajua bado nimenuna.

Marselino akasema kosa ni la Kiingereza chenyewe, hakina shikamoo. Kingekuwa nayo, mkwe angeanza yeye, mzee angeitikia marahaba, yakaisha. Balozi akakitetea: ipo "hau du yu du", ya wakubwa, ukiulizwa nawe unauliza vilevile.

— Sasa nani anajibu? akauliza Marselino.

— Hakuna.

— Hata kama mtu anaumwa?

— Ndiyo maana wana mahospitali makubwa.

Kishoka akaongeza kwamba hata ile barafu yao chanzo chake ni hicho, watu wasiojuliana hali. Tulikuwa bado tunaipima hoja hiyo alipofika Hamida wa vitumbua kuchukua kikombe chake cha kila siku. Akamwamkia mzee, akasimuliwa kesi yote, akasikiliza hadi mwisho.

— Anaitwa nani huyo mkwe?

Balozi akamtazama Kishoka, Kishoka akamtazama mzee. Muda wote sie tulikuwa tunasema mkwe, mkwe, ikatutosha.

— Benedikto alianza kuniambia, mzee akasema. — Nilimkatia simu hajamaliza.

Aibu ilikuwa ya mzee lakini ilitugusa wote.

Simu ikaita. Kishoka akanyoosha mkono ambonyezee, mzee akausukuma, akapokea mwenyewe. Kwenye kioo akatokea Benedikto peke yake, amenenepa kidogo, macho yana wasiwasi.

— Shikamoo baba.

— Marahaba. Mwanangu, usimwite kwanza. Mkeo anaitwa nani?

Benedikto akalitaja jina. Mzee akalirudia, akalikosea.

— Litaje tena, akamwambia mwanawe.