Siku Nne kwa Sinyora

Mwaka ule wa hamsini na tano, kando ya reli pale Thika, Faki aliweka benchi moja tu mbele ya jiko lake la kahawa, na hakuruhusu likaliwe na zaidi ya watu wanne. Wakifika watano, alisema, askari akipita atasema ni mkutano, na siku zile za Hali ya Hatari mkutano wa Wakikuyu haukuishia kwenye kahawa. Jumamosi hiyo walikuwa watatu. Kagwe, aliyeitwa Redio kwa kuwa habari zilimfikia kabla hazijatokea. Kimeu, Mkamba aliyepigana Habeshi wakati wa vita, ambaye jina la jeshi lake, Keya, lilimganda hadi leo. Na Gathogo, mpishi wa meneja mzungu wa shamba la mkonge, aliyeshika kikombe mpaka kikapoa bila kuonja kahawa.

— Kesho tunaenda Ruiru, alisema Gathogo. Memsabu na rafiki zake wawili, na mimi. Siku nne. Kuna mama Mtaliano huko kwa shamba ya kahawa, anafundisha mapishi ya kwao. Asubuhi wanapika, mchana wanazungushwa na gari kuonja vyakula kwa Wataliano wengine.

— Wanalipwa? aliuliza Redio.

— Wanalipa wao.

— Ngai! Mzungu anatoa pesa yake ndio apike? Hiyo inaitwa nini?

— Likizo.

Redio alitazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti.

— Hiyo si likizo. Hiyo ni kuchuja watu. Watakusimamisha mbele ya jiko, na nyuma ya pazia kuna mtu na gunia kwa kichwa, matundu mawili ya macho. Ukishika mwiko vibaya, anatingisha kichwa. Umekwisha.

— Wacha kutisha mtu, alisema Keya. Mimi nililinda wafungwa Wataliano miezi saba. Hawana neno. Shida ni ile chakula yao. Wanakula kamba.

— Kamba?

— Ya unga. Moja inaweza kutoka hapa mpaka Makuyu. Ukiikata, Mtaliano analia machozi.

— Hizo ni tambi, nyie watu wa bara, alisema Faki, akimimina. Kwetu twazila mwezi wa Ramadhani, kwa sukari, nazi na iliki.

— Wao wanatia nyanya na maziwa imeoza.

— Astaghfirullahi!

— Ndio maana ni siku nne, alisema Redio. Haraka haraka haina baraka. Siku ya kwanza unaozesha maziwa, ya pili unasokota kamba, ya tatu mnaivuta kila mtu upande wake. Ya nne, wenye kubaki wanakula.

Gathogo hakucheka. Waithira, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi saba, na wote wawili walilala kwenye chumba cha nyuma ya jiko la memsabu kwa nguvu ya mstari mmoja ndani ya kitabu cha pasi cha Gathogo: jina la mwajiri na sahihi yake. Mstari ule ukifutwa, lori la kuwarudisha rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, halikuuliza mimba ni ya miezi mingapi.

— Memsabu amesema nikirudi nipike hiyo chakula peke yangu, mbele ya wageni wa bwana, alisema. Nikishindwa, ataandika mpishi mwingine.

— Basi usishindwe, alisema Faki. Samaki mkunje angali mbichi.

— Hakuna samaki huko, Faki. Nitakunja nini?

— Chochote watakachokupa. Kikiwa kibichi, kunja.

Jumamosi iliyofuata Gathogo alirudi amekonda, kana kwamba huko Ruiru hakukuwa na chakula. Redio alimpisha kabla hajasalimu.

— Haya, mtu wa gunia alikuwa wapi?

— Hakuna gunia. Kulikuwa na Sinyora, ndivyo wanamwita. Mama mfupi, mikono kama ya mwashi. Kizungu hajui. Kiswahili alijifunza kwa wachuma kahawa, nusu yake ni Gikuyu. Memsabu hasikii kitu. Basi Sinyora ananiambia mimi, mimi natafuta Kizungu yangu ya jikoni, namwambia memsabu. Siku ya kwanza tu nikawa mdomo ya watu wawili.

— Na kamba? aliuliza Keya.

— Unamwaga unga juu ya meza, unachimba shimo katikati, unavunja mayai ndani. Unakanda mpaka iwe laini kama sikio ya mtoto. Halafu unasukuma na chupa mpaka iwe nyembamba, unaona meza kwa chini. Ndio unakata.

— Mayai ngapi?

— Kumi.

— Haiya! Kuku yote ya Juja!

Yaliyofuata Gathogo aliyasema akitazama kikombe. Siku ya pili unga wake ulitandazika mzima, mpana kama shuka. Wa memsabu ulipasuka mara tatu. Rafiki mmoja akacheka, akasema mpishi amemshinda memsabu wake. Memsabu naye akacheka, lakini kwa meno tu. Mchana ule walizungushwa nyumba hadi nyumba, kwa Mtaliano anayetengeneza jibini, kwa mwingine wa soseji, hadi kwenye bustani ya nyanya. Gathogo alibeba kikapu nyuma yao, na memsabu hakugeuka kumtazama hata mara moja.

— Siku ya tatu nikaogopa, alisema. Unga yangu ikawa nzuri tena. Nikaingiza kidole katikati, ikapasuka.

— Makusudi? aliuliza Faki.

— Makusudi. Lakini Sinyora aliona. Akakuja karibu, akaniuliza na Gikuyu, wale wengine wasisikie: kwa nini? Nikamwambia mkono imeteleza. Akaniangalia tu.

— Uongo wa jikoni huo, alisema Redio. Halafu?

— Siku ya nne akamwambia memsabu, kwa mdomo yangu mimi mwenyewe, anataka huyu mpishi abaki na yeye. Amsaidie kufundisha.

— Memsabu akakataa! Mtu wake wa miaka sita!

— Akasema chukua. Hakungoja hata chai ipoe.

Alitoa karatasi mfukoni, imeandikwa kwa mashine. Memsabu alikuwa amempa asubuhi ile, akamwambia kila kitu ki tayari, Jumatatu aende. Hapo benchini hakuna aliyejua kusoma Kizungu, lakini sahihi waliiona wote, na muhuri pia.

— Umepona! Keya alimpiga begani mpaka kahawa ikamwagika. Nilisema Wataliano hawana neno!

— Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Redio, ingawa hakuna aliyejua nani ni mgeni hapo.

Gathogo alianza kutabasamu, mara ya kwanza kwa wiki nzima. Wakati huo alisimama mtu na baiskeli. Aliitwa Zacharia, fundi baiskeli aliyehamia juzi kutoka Kalimoni. Alikuwa amewahi kufundisha shule, akaomba aione barua. Aliisoma polepole, akafika mwisho, akarudi juu.

— Inasema mpishi, mwanamume, mmoja. Chumba cha mtu mmoja. Ruiru peke yake, si Thika tena. Una bibi?

— Niko naye. Yuko hapa, nyuma ya nyumba ya memsabu.

— Basi kuanzia Jumatatu, yeye atakaa kwa karatasi ya nani?

Faki alishika birika bila kumimina, na mvuke ukampanda usoni asiupishe. Wiki nzima Gathogo alikuwa ameogopa kushindwa. Kwamba kufaulu ndiko kungemtenganisha na Waithira, hilo halikumjia akilini.

Alikunja barua, akaondoka bila kuaga. Hakupumzika njiani. Alipitia chumba cha nyuma, akamwambia Waithira avae viatu, akamshika mkono, na badala ya kuingia kwa mlango wa jikoni akazunguka naye hadi mbele, kwenye veranda, ambako kwa miaka sita hakuwahi kusimama isipokuwa na sinia mkononi.

Aligonga.

— Ni nani? aliuliza memsabu kutoka ndani.

— Ni sisi, alijibu Gathogo.