Breki ya Mama Gloire

Kwenye basi dogo la kutupeleka kazini kwenye maghala ya Okolona, huku ughaibuni, Methodi alipakata usukani wake wa mchezo wa mbio za magari kama mtoto aliyetoka kubatizwa. Alikuwa akimweleza mama aliyeketi kando yake, ambaye beji yake ya kazi ilimtaja Emérence, kanuni aliyopendekeza kwa mashindano ya kanisa jioni ile: gari lisijifungie breki wala kukata kona lenyewe.

"Papa, weye uko na usukani na pedali," mama akasema. "Miye niko na manette, kale kadude ka kufinya na vidole mbili tu. Bila ule musaada, kona ya kwanza niko mu ukuta."

"Huko ni kubebwa, mama."

Mimi niliyeketi nyuma yao, niliyeanguka mtihani wa udereva, nikatazama dirishani.

"Bon, nibebwe! Mtoto wangu Gloire ananijibiaka Kingereza tu. Lakini nikimupita mu mchezo, anapiga kelele: 'Mama, unaniibia!' Kiswahili safi! Nikigonga ukuta, nitamusikia wapi?"

Methodi akageuza usukani kushoto, kisha kulia, barabara ikiwa imenyooka. "Breki tu, basi. Kona ukate mwenyewe."

"Na weye utapunguza nini?"

Basi likasimama, Methodi akaubana usukani wake kwapani. Emérence akashuka, vidole gumba vyake vikikata kona hewani.