Mzee Zima na Pazia la Ukumbi wa Ndani

Ndugu, jamaa na majirani, pamoja na ninyi wenzake mliokuja na sare zenu za kazi: Babu alizoea kusema kwamba mwongozaji mzuri husimama kando ya jiwe, si mbele yake. Nami nitajitahidi kusimama kando.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, katika nyumba za wafanyakazi zilizo chini ya kilima, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alichimba mbolea ya popo ndani ya pango hilohilo ambalo wengi wenu mmelijua kwa kumfuata Babu. Mzee yule alirudi jioni akinuka kiasi kwamba mkewe alimpokea mlangoni kwa ndoo ya maji kwanza, salamu baadaye.

Alisoma shule ya msingi ya hapa jirani kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alikuwa yule anayeuliza. Siku mwalimu wa jiografia alipowapeleka pangoni, aliuliza hadi wenzake wakaanza kumkanyaga miguu wapate kurudi nyumbani. Mwalimu alichoka. "Wewe baki humuhumu," alimwambia, "kesho utatuletea majibu." Alibaki, tena kwa miaka arobaini na miwili.

Mbolea ya viwandani iliposhuka bei, uchimbaji ulikoma na pango likafunguliwa kwa wageni. Babu aliajiriwa tarehe 3 Aprili 1967, kwanza kama mbeba karabai, kisha kama mwongozaji. Waliowahi kuwa wageni wake watayakumbuka maneno yake. "Mvua ikinyesha huko juu," alisema, "maji hupita kwenye udongo na kupata ukali kidogo, kama wa soda. Yanalilamba jiwe la chokaa na kuondoka nalo. Yakifika hapa darini, tone linaning'inia, linaacha chokaa yake, ndipo linaanguka. Basi msimcheke mtu anayefanya kazi polepole." Aliwaonyesha makombe ya chaza yaliyogandamana na mwamba, akawaambia kwamba hapo waliposimama palikuwa chini ya bahari. Mtoto mmoja akadakia, "Samaki wako wapi sasa?" Babu akajibu, "Walihama, kodi ya nyumba ilipanda."

Karibu na mlango wa pango, penye masizi na vigae vya vyungu, hakufanya mzaha. Watu waliishi pale zamani sana, na wengine walijificha pale wakati wa vita. "Walikuwa na watoto," alisema, "na watoto walilia, na mama zao waliwanyamazisha kama mnavyowanyamazisha hawa." Baada ya hapo aliwapeleka katika ukumbi wa mwisho na kutoa amri moja: "Zima!" Taa zote zilizimwa, na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka wasikie tone likianguka. Ndipo alipopata jina la Mzee Zima, na alilipata kabla hajawa mzee.

Mwaka 1972 walikuja mafundi cherehani wa karakana moja ya mjini. Katikati ya giza lile la kimya, sauti ya msichana ikasema, "Mwongozaji, na wewe ukipotea, nani atakutafuta?" Watu wakacheka. Babu naye, pale pale gizani, akasema, "Aliyeuliza." Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973 na kujaliwa watoto wanne. Kazi aliileta hadi nyumbani: akitoka chumbani anazima taa, hata kama kuna mtu ndani anashona. "Baba watoto," Bibi alikuwa akipiga kelele, "hapa si pangoni!"

Bibi ameniruhusu niyaseme yanayofuata, maana Babu mwenyewe hakuyaficha.

Taa za umeme zilifungwa pangoni mwaka 1978. Baada ya miaka michache, utando wa kijani ulianza kuota kwenye mawe yaliyo karibu na taa. Waongozaji wote waliupenda, na Babu zaidi ya wote. Aliuita Bustani ya Chini ya Ardhi, wageni wakapiga picha. Ulistawi hasa katika Ukumbi wa Ndani, kwenye lile jiwe jembamba linaloshuka kutoka darini kama pazia, ambalo ukiliwekea mwanga nyuma unaiona nuru ikipenya. Kiangazi utando ulipoanza kunyauka, Babu alibeba kopo la maji na kuumwagilia. Alifanya hivyo kila mwaka, kwa moyo mweupe.

Mwaka 1996 alikuja mtaalamu wa miamba kutoka chuo kikuu, mama ambaye familia yetu inamwita Daktari wa Mawe. Yuko nasi hapa. Alilitazama pazia kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nani anaumwagilia huu?"

"Mimi."

"Mzee wangu, utando huu unalila jiwe. Mizizi yake midogo inameng'enya chokaa, na maji yote inayanywa yenyewe. Tazama ukingoni. Halidondoshi tena."

Babu alipapasa hewa chini ya pazia, pale ambapo zamani tone lilikuwa likimwangukia kiganjani. Pakavu. Alipofika nyumbani alikaa bila kuvua viatu, akamwambia Bibi, "Mama watoto, kumbe miaka yote hii nimekuwa nikimkaribisha mwizi chai."

Dawa ilikuwa moja: kuutoa utando kwa brashi laini, kisha kuliacha jiwe gizani. Taa ndizo zilizokuwa jua la ile bustani. Babu alikwenda kwa meneja kuomba Ukumbi wa Ndani ufungwe, nao ndio ulioleta wageni wengi. Wenzake walimkasirikia, kwa sababu wote waliishi kwa pango lile.

"Mzee Zima," mmoja alimwambia mbele ya wote, "kwako mnakula giza?"

"Hapana," alijibu. "Lakini jiwe hili likifa, sitakuwa na cha kuwaonyesha wanao."

Ilichukua miaka miwili ya kubishana. Ukumbi ulifungwa mwaka 1998. Katika kumbi za nje, taa ziliwashwa tu kundi lilipokuwepo, na wageni walipewa tochi za mkononi. Haikuwa kama watu walivyohofia: wageni waliendelea kuja, na walisema tochi zinawafanya watazame vizuri zaidi. Babu alimuuliza Daktari wa Mawe pazia lingepona lini. Alimjibu kwa uaminifu kwamba huenda lisipone. Hata hivyo kila mwaka waliingia pamoja wakiwa na brashi zao, na kila mwaka walitoka bila tone.

Alistaafu mwaka 2009, lakini aliendelea kuwafundisha waongozaji wapya. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, na mwaka 2022 figo zikafuata, ikabidi awe anakwenda hospitali kusafishwa damu. Aliwashukuru wauguzi kwa majina na kuwaeleza habari za chokaa mpaka mmoja wao akamwambia, "Babu, hata mimi sasa naweza kutembeza wageni." Kila aliyetoka pangoni, Babu alimuuliza, "Limedondosha?" kama mtu anavyomuulizia mtoto aliye safarini.

Tarehe 11 Novemba 2023 Ukumbi wa Ndani ulifunguliwa tena, kwa makundi madogo na tochi tu. Daktari wa moyo alikuwa amemkataza ngazi za pangoni, naye akaketi kwenye benchi mlangoni mwa pango, amefungiwa koti hadi kidevuni. Bibi akaingia badala yake. Alikaa huko hadi Babu akaanza kunung'unika kwamba mke wake amehamia.

Bibi alipotoka, Babu alimshika mkono kabla hajakaa. "Kijani?"

"Hakuna. Ni jeupe. Ukingoni tu lina weusi kidogo."

"Na maji?"

"Subiri nipumue, mwanamume wewe."

"Mama watoto, na maji?"

Bibi akainama, akamwonyesha kola ya gauni lake. Ilikuwa imelowa. "Tone limeniangukia shingoni," alisema. "La baridi kama mauti. Nusura nipige kelele."

Babu aliishika ile kola kwa vidole viwili. Alicheka, kisha akalia, kisha akamwita mwongozaji aliyekuwa karibu na kumwambia awaingize wageni, wasisubirishwe.

Marehemu alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 22 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, Bibi akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, dada wawili, Daktari wa Mawe ambaye tunamhesabu kuwa wa nyumba hii, na waongozaji tisa aliowafundisha. Kesho wanne kati yao wako zamu, na pango litafunguliwa saa tatu kama kawaida. Familia ndiyo iliyoomba lisifungwe.

Apumzike kwa amani mahali ambapo hakuna linaloharakishwa.