Kumuaga Sista Fungua-Mdomo

Mheshimiwa Mganga Mkuu, ndugu wauguzi wa kliniki yetu ya kifua kikuu, wageni waalikwa, na nyinyi wagonjwa wenzangu mliojibana kwenye mabenchi ya nyuma kama kawaida yetu, habari za asubuhi.

Mimi ni fundi seremala. Nimezoea kuongea na mbao, ambazo hazinijibu, kwa hiyo nikibabaika mnivumilie.

Leo anastaafu sista ambaye sisi tuliomeza dawa mbele yake tunamwita Fungua-Mdomo. Kila asubuhi pale dirishani: meza, kunywa maji, fungua mdomo, inua ulimi! Mtu mzima, baba wa watoto watatu, unainua ulimi mbele ya foleni nzima. Nani kati yetu hakumnunia?

Miaka saba iliyopita nilikuwa nameza vizuri tu, kisha nazunguka nyuma ya choo, najitapisha. Kadi yangu ilijaa alama za kumeza, na mwili unazidi kukauka. Wakubwa wakasema dawa zimegoma, huyu aende rufaa. Sista akasema, "Ngojeni kwanza." Akaniingiza stoo, akaondoa maboksi kwenye kiti, akanikalisha.

"Fundi, ndugu yangu, unalala? Unacheka na watoto?"

Jamani, nililia! Foleni ikaanza kulalamika nje, naye akawapigia kelele, "Subirini, nina mgonjwa!"

Nikamweleza yote, hakunikemea. Akanipeleka kwa daktari, naye akaniambia hiyo ni sonona, na ule moyo kwenda mbio bila kukimbizwa ni wasiwasi uliopita kiasi. Ni maradhi kama kifua, na yanatibika. Nikapewa dawa zisizogombana na zile za kifua, na kila Alhamisi nusu saa ya mazungumzo na Sista mle stoo. Nikapona yote mawili. Tangu hapo, kila anayeandikishwa hapa huulizwa habari za usingizi na za moyo kabla hajapanda mzani. Hakuna aliyemwagiza Sista. Alibishana na wakubwa mpaka wakakubali, na Mheshimiwa Mganga Mkuu anacheka hapo kwa sababu anajua alikuwa mmoja wao.

Lakini kuna jambo nililomwomba alifiche. Mama watoto, wewe uliyekaa safu ya pili, naomba unisikilize. Nilikuambia dawa zilinikataa. Si kweli. Nilitaka kufa, nikaona nikifa kwa kifua hakuna atakayewanyooshea kidole wewe na watoto. Umemuuliza Sista mara ngapi mumeo alikuwa na nini? Naye kila mara akakujibu, "Muulize mwenyewe," mpaka ukaacha kumsalimia, ukadhani tuna yetu. Alivumilia hayo miaka saba, siri yangu isimtoke.

Leo nimemtua mzigo huo. Mama watoto, huyo ndiye aliyekurudishia mume. Nenda kamshike mkono.

Nanyi nyote, nawashukuruni kwa kunipa masikio yenu.