Hongera za Mwalimu wa Simu

Basini, mchonga mawe mmoja mbele yangu alikuwa akivuta "aaa" huku simu ikimhesabia sekunde. Mama mshonaji aliyekaa naye akashindwa kuvumilia. "Mzee, unatuimbia au unakata roho?"

"Daktari kasema niimbe, mapafu yamejaa vumbi la mawe. Najifunza mtandaoni."

"Unafika ngapi?"

"Mwezi jana tisa. Leo sita."

"Basi unarudi nyuma!"

"Mbona mwalimu hunisifu kila siku?"

"Hiyo ni video, mzee wangu. Hata cherehani yangu angeisifu."

Nilicheka, kisha nikajuta.

"Najua, mama," akasema taratibu. "Ila daktari hajanisifu hata mara moja."

Basi likasimama hospitalini. Akashuka vidato vitatu, akipumzika kwenye kila kimoja, na simu mfukoni ikasema, "Hongera, umeendelea vizuri sana!"