Alama ya Kisanduku cha Pampu

Benchi letu liko Shituru, mjini Likasi, kwenye barabara ya nyumba za kampuni, na limetengenezwa kwa mataruma mawili ya reli ambayo hakuna anayekubali kwamba ndiye aliyeyaokota. Hapo Amisa anauza kahawa ya tangawizi, na hapo sisi tusio na haraka tunatatua matatizo ya dunia bila kulipwa. Yuko Séraphin, tunamwita Bâche, dereva wa lori la madini anayefunika gari lake kwa turubai hata likiwa tupu. Yuko Djibril, tunamwita Antenne, anayepata habari kabla hazijatokea. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha pampu inayonywesha mtaa mzima. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa nzuri kama kawaida, lakini kila mtu alikunywa huku macho yake yakiwa kwenye mlango wa kile kibanda.

Ndani yake alikuwamo Damas, fundi wa simu, ameinamia kisanduku cha pampu. Kiangazi kilichopita mtu fulani alikifungua kisanduku kile akakiwekea programu yake, pampu iendelee kuvuta hata saa za kupumzika ili apate maji ya kuuza. Kisima kikakauka, pampu ikavuta hewa hadi ikaungua. Mpaka pampu nyingine ilipofungwa tulirudi kuchota kijitoni, na mjukuu wa Amisa, Matumaini, akalazwa hospitali kwa tumbo hadi tukaanza kuzungumza kwa sauti ya chini tukipita nyumbani kwao. Mtoto alipona. Bibi yake hajapona, hadi leo anachemsha hata maji ya kunawa uso.

Antenne alikuwa na hakika kwamba ni Ricky, kijana anayefungua simu zilizofungwa kule sokoni. Ushahidi hakuwa nao. Alichojua ni kwamba Ricky na Damas walinunua vifaa vya kujifunzia vya aina moja, kwenye meza moja, kwa muuzaji mmoja.

Damas alikuwa ametueleza dawa yake. Ndani ya kisanduku mna kompyuta ndogo. Kila kinapowashwa inasoma programu inayoiambia pampu ianze lini na isimame lini, na zamani ilisoma chochote ilichowekewa, bila kuuliza. Sasa programu itatiwa sahihi kwa ufunguo wa siri, ambao si wa chuma bali ni maandishi marefu yanayokaa kwenye fulashi. Ndani ya kisanduku atachoma alama inayolingana na ufunguo huo. Kikiamka kitapima kwanza, na sahihi isipolingana na alama, hakiwaki. Alama ikishachomwa haifutiki wala haibadilishwi, na neno hilo hatukulipenda.

— Ni sawa vile scellé ya mufuko ya madini, Bâche alisema, akimaanisha lakiri inayofungwa mdomoni mwa mfuko. Ku barrière banaangalia scellé mbele. Kama ilikatika, mufuko muzima inarudia.

— Na kama scellé iko muzima, lakini mu mufuko muko mabwe? Amisa aliuliza.

— Ile ni mambo ya bale benye kufunga mufuko, mama. Minye niko chauffeur tu.

Antenne alisogea karibu, kama afanyavyo anapotaka kutuharibia siku.

— Mi nilisikia ile alama itakuwa inaongea na Koni, kule banatengenezaka courant. Courant inatoka kule, inapita mu waya na habari yake. Bale ba kule batajua kila muntu alichota bidon ngapi.

— Batafanya nini na bidon yangu?

— Leo hapana. Kesho njo utaona. Unafika na bidon, ile boîte ya pampu inakuangalia, inasema weye hauna sahihi, rudia ku nyumba.

Tungecheka siku nyingine. Bâche akauliza itakuwaje Damas akigongwa na pikipiki na fulashi yake mfukoni, na Amisa akamwambia ateme mate chini haraka. Alitema. Antenne akaongeza kwamba hata mvua ikinyesha juu ya kibanda, alama inaweza kulowana na kisanduku kikasahau jina lake. Nilimwambia anyamaze, lakini niliangalia mawingu.

Ndipo taa ya duka la dawa lililo pembeni ya kibanda ilipofifia, ikarudi, ikafifia tena. Sisi wa Likasi hatuhitaji kuambiwa maana yake. Taa ile ikianza kupepesa hivyo, courant iko njiani kwenda zake, na ikienda hakuna anayejua itarudi lini. Damas alikuwa ametuonya mwenyewe: umeme ukikatika katikati ya kuchoma, kisanduku kinakufa.

Alitoka mlangoni, jasho limemlowesha shati.

— Tuache kidogo, alisema. Kuko kintu mu machine yangu, na machine ilizima. Jana courant haikukuya. Ipate charge mbele.

Hakuna aliyemuuliza ni kitu gani kilichomo kwenye kompyuta yake. Tuliangalia taa, si yeye. Bâche alisema mu simu yake si muko kila kitu, hiyo machine ya nini tena. Antenne alisema Ricky anapita barabara hii kila siku na anaangalia kibanda. Mimi pia nilisema kitu cha namna hiyo, nilikuwa naogopa kama wengine. Lakini aliyemmaliza ni Amisa.

— Mwana yangu Damas, choma. Minye sitarudia kubeba ule mutoto ku hôpital.

Damas aliitazama taa, akatutazama. Alitoa fulashi mfukoni, ile aliyokuwa akiifanyia majaribio, akaiunganisha na simu yake, akaingia ndani. Bâche alivua kofia. Antenne, Mwislamu mwenye maneno mengi, alikuwa anasoma dua kimya kimya, na Wapentekoste wa nyumba ya jirani walianza kuomba kwa sauti bila kujua vizuri wanaombea nini.

Taa ya kijani iliwaka juu ya kisanduku. Pampu ikanguruma, maji yakatoka. Kisha Damas akaweka ile programu mbovu ya kiangazi, aliyokuwa ameihifadhi, awashe upya tuone. Taa nyekundu. Kisanduku kilikataa, kikakaa kimya. Akarudisha yetu, kijani tena. Furaha ilinishika nikamkumbatia Bâche, ananuka dizeli, na Amisa akamimina kahawa kwa kila mtu.

Mpangaji mpya alikuwa ameshafika na bidon lake. Anaitwa Arlette, amehamia chumba cha nyuma ya duka la dawa, na tulimweleza habari yote kwa pamoja, kila mtu akimkatiza mwenzake. Alisikiliza vizuri.

— Minye, nikiingia mu nyumba ya mupya, mbele ya kulala nabadilisha kadena, alisema. Juu ule alipangaka mbele yangu, clé anabakia nayo.

Tukasema ni vizuri, kufuli ya zamani ina ufunguo kwa mtu mwingine, ni akili.

— Sasa hii clé yenu, papa Damas, weye mwenyewe njo uliitengeneza, ao ilikuya na bile bintu ulinunua?

Damas alikuwa amepeleka kikombe mdomoni. Akakishusha bila kunywa.

— Yangu niliitengeneza, alisema polepole. Iko mu machine. Ile ilizima.

— Na hii umechoma?

— Ya kujifunzia. Inakuyaka mu kit, na bile bifaa nilinunua.

Bâche alivaa kofia yake tena.

— Donc kila muntu alinunua ile kit, Arlette aliuliza, iko na clé ya mayi yetu?

Tulimwangalia Damas, na Damas aliangalia kule barabara inakoshuka kwenda sokoni, kwa Ricky. Amisa alifunga birika lake. Akayakusanya mabidon yake yote, na masufuria, na lile beseni la kuoshea vikombe, akavuka barabara kwenda kuyajaza, maana maji yalikuwa bado yanatoka.