Fundi Makoye Hakukodi Gari

Marehemu Bartholomeo Makoye Jilala, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Makoye, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 huko Old Shinyanga, mtoto wa tatu wa Mzee Jilala na Mama Paskalia. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alitambaa kwa mara ya kwanza akiifuata baiskeli ya baba yake. Wenye kuamini waliamini.

Alisoma shule ya msingi huko huko, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Mwaka 1969 aliingia karakana ya kiwanda cha kuchambulia pamba mjini Shinyanga. Huko alijifunza ufundi, na pia ule msemo wake aliowaambia hata wanandoa waliogombana: "Kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze."

Tarehe 18 Juni 1977 alifunga ndoa takatifu na Mbuke, binti wa Mzee Maige wa hapa Segese, baada ya kutoa ng'ombe wote waliotakiwa na mmoja zaidi, kwa kimbelembele chake tu. Akahamia hapa, akafungua karakana.

Mwaka 1982 alinunua pikapu ya Pijo 404. Ilibeba pamba, ikabeba kwaya, ikawawahisha wagonjwa wa kijiji hiki hospitali. Machi 1986 binti yake Zipora alizaliwa ndani yake, njiani kwenda Kahama. Mkewe, Mama Mayala, alipopiga kelele, "Baba Mayala, punguza mwendo!" alijibiwa, "Punguza wewe!"

Lakini rejeta ya Pijo ilijazwa miaka yote maji ya kisima chetu cha chumvi, na maji hayo mnayajua, hata sufuria yanatafuna. Mwaka 2009 injini iligoma. Ilibidi silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ifunguliwe, ila stadi, zile boliti ndefu zinazoishikilia, zilikuwa zimeng'ang'ania kwa kutu. Mafundi wakajaribu, wakachoka. Pijo ikabaki uani, kuku wakahamia.

Februari 2023 marehemu alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya mkono wa kulia na karibu maneno yote. Siku wanunuzi wa vyuma chakavu walipokuja kuiulizia Pijo, alitikisa kichwa, akakusanya maneno aliyobakiwa nayo: "Sikodi gari kwenda kaburini. Hiyo ndiyo itanipeleka." Jamani! Familia ililia, kisha ikaogopa, maana gari lenyewe lilikuwa linatagiwa mayai.

Mwanaye wa kwanza, Mayala, alianza kwa nguvu. Akachomeka bomba kwenye spana ili aongeze uzito, akalikandamiza, na stadi ikakatika kacha! Akakaa chini akashika kichwa. Marehemu hakumkaripia. Alinyoosha mkono wa kushoto kumwita Zipora, ambaye ni mchomeleaji wa vyuma Kahama na siku hiyo alikuwa nyumbani.

Basi Zipora akawa mikono ya baba yake. Marehemu alikaa kitini na spana: akigonga mguu wa kiti mara moja, kaza, mara mbili, legeza. Zipora alipasha moto pale stadi ilipozama, akagusisha nta ya nyuki, ikayeyuka na kupenya kwenye kutu. Moja baada ya nyingine zikatoka. Ikabaki ile iliyokatika. Akachomelea nati juu ya kisiki chake, akangoja ipoe. Spana ikagonga mara moja.

"Baba, nikikaza si itakatika tena?"

Ikagonga mara moja tena, kwa hasira kidogo. Akakaza. Chuma kikalia kwii. Ikagonga mara mbili. Akalegeza, na stadi ikazunguka kwa upole kama si yenyewe iliyotutoa machozi. Mama Mayala alipiga vigelegele hadi majirani wakadhani posa imeingia. Marehemu, machozi yakimtoka, alisema, "Wabeja, ng'wanawane." Asante, mwanangu.

Tarehe 2 Novemba 2024 Pijo iliwaka. Alizungushwa Segese nzima, mkono wa kushoto nje ya dirisha, akipungia watu kama mbunge.

Aprili 2025 kiharusi kilirudi. Alilazwa Kahama, na alfajiri ya Jumapili, tarehe 11 Mei 2025, alifariki dunia mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Mayala, watoto watatu, Mayala, Zipora na Hosiana, wajukuu tisa, na mafundi aliowafundisha, ambao leo wamekuja na mikono iliyooshwa, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

Ratiba hii ya mazishi ilichapwa jana Kahama, Pijo ikiwa bado imeegeshwa nje ya hospitali ikisubiri kumbeba, Zipora akiijazia maji safi ya dukani. Mayala alishauri sentensi ya mwisho iachwe wazi, ijazwe kama gari litafika. Mama Mayala akasema, "Andikeni." Basi imeandikwa: Fundi Makoye ameletwa nyumbani na Pijo yake, na haikusukumwa. Apumzike kwa amani.